Sinema Inarudi Mtaani: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tamasha la Filamu Huru Katika Dar es Salaam Inayohama

Wazee wa Dar es Salaam bado wanakutajia majumba ya sinema bila kuvuta kumbukumbu: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Pale Msasani palipokuwa na Drive-In, leo pana ubalozi wa Marekani. Majumba yalipofungwa utazamaji haukufa, ulihamia vibandani. Kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, luninga moja na spika inayokwaruza ndicho kimekuwa sinema ya Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni kwa kikundi kinachotaka kuandaa tamasha la filamu huru, yaani filamu zilizotengenezwa bila kampuni kubwa nyuma yake, katika mtaa wao wenyewe. Zulia jekundu halihusiki. Kazi hiyo Zanzibar wanaifanya tangu 1998 kwa tamasha la ZIFF pale Ngome Kongwe. Ninachozungumzia ni kidogo zaidi, kinafanana na kile ambacho Slum Film Festival ilikianza Nairobi mwaka 2011 kule Kibera na Mathare: siku tatu, skrini moja au mbili, watu mia mbili hadi mia nne kwa usiku, na hakuna anayepita mlangoni kwa tiketi.

Waandaaji wengi huanza na filamu, wakatafuta ukumbi, mwisho wakatafuta watu wa kujaza viti. Mimi nasema geuzeni: watu kwanza, mahali pa pili, filamu mwisho. Na katika jiji hili watu wenyewe hawakai mahali pamoja. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo limekwenda sambamba na kuhamishwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa Bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande. Upanuzi wa uwanja wa ndege uliwaondoa watu wa Kipawa. Kariakoo nyumba za Waswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati zimegeuka maghorofa ya maduka. Ukiandika leo kwenye bango “tamasha la watu wa Jangwani,” jiulize watu wa Jangwani wanaishi wapi. Tutarudi kwenye swali hilo, kwa sababu ndilo linalotenganisha tamasha la mtaa na onyesho la filamu lililotokea tu kufanyika mtaani.

Miezi sita kabla: kamati

Msianze na jina, nembo wala ukurasa wa Instagram. Anzeni na kamati, na mfano wake mnao tayari: kamati ya harusi. Kila mtaa una watu waliokwisha kuendesha kamati za harusi hadi wakachoka. Wanajua kuitisha vikao, kugawa kadi za michango, kumkumbusha aliyeahidi akanyamaza, kukodi maturubai kwa bei ya haki na kusoma hesabu mbele ya watu. Mpateni mmoja wao awe mwekahazina kabla hamjamtafuta mtaalamu wa filamu. Mtaalamu wa filamu mmoja anatosha. Wakiwa wanne mtapata mijadala mizuri na choo hakitapatikana.

Watu saba hadi tisa wanatosha. Awemo mama lishe, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, mwalimu, kijana anayepiga muziki kwenye shughuli, na mzee au bibi anayejua nani alikuwa akiishi nyumba ipi. Na awemo mwenye kibanda umiza. Huyu husahaulika karibu kila mara, na ni kosa lenye gharama. Ukimwacha nje, kwa siku tatu unamziba riziki, naye ana wateja wanaomsikiliza kuliko wanavyokusikiliza wewe. Ukimwingiza ndani, unapata ukumbi wa mchana (kodi kibanda chake kwa filamu za watoto na warsha) na unampata mtu anayejua kwa uzoefu dakika ipi watu wa pale huanza kuchoka.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashirikishwe tangu kikao cha kwanza, lakini asiwe mwenyekiti wa kamati. Yeye ni wa kuchaguliwa; uchaguzi ukija, tamasha litageuzwa jukwaa. Afisa mtendaji wa mtaa ndiye mwenye muhuri, kwa hiyo jengeni naye urafiki wa makaratasi mapema.

Miezi mitano kabla: tarehe na saa

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kinachobaki kwa skrini ya nje ni Juni hadi Septemba, na pia Januari na Februari kama mnavumilia joto. Napendekeza Julai au Agosti. Hakuna mvua nyingi, hewa imepoa, na jua linazama mapema, karibu saa 12:20 jioni, kwa hiyo kufika saa 1 usiku giza limeshatosha kwa projekta. Tatizo la miezi hiyo ni upepo wa kusi, na dawa yake ipo kwenye sehemu ya vifaa.

Kabla ya kutangaza tarehe, pitisheni kalenda nne juu yake: kalenda ya Kiislamu (Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka), kalenda ya shule, ratiba ya ligi, na shughuli za mtaa wenyewe. Siku ya Simba na Yanga hakuna filamu duniani itakayowashinda. Siku hiyo pumzikeni au onyesheni mechi kisha filamu. Ulizeni pia kama kuna harusi kubwa au arobaini ya mtu anayejulikana. Hilo halipo kwenye kalenda yoyote ila kichwani mwa yule bibi mliyemwingiza kwenye kamati.

Saa nayo ina adabu zake. Watoto waanze saa 1 usiku, giza likishatosha, mpaka saa 1:30. Adhana ya isha ikisikika, zimeni sauti, na pangeni mapema mapumziko yaangukie hapo. Filamu kuu ianze karibu saa 2, na kufikia saa 4 usiku watu wawe wanaondoka, wakati daladala na mwendokasi bado vipo. Tamasha linalomalizika saa 6 usiku limeshawachagua watazamaji wake: wanaume vijana peke yao.

Miezi minne kabla: mahali

Viwanja vya wazi ndivyo vinavyoliwa kwanza jiji linapopanuka, kwa hiyo msidhani uwanja mliochezea utotoni bado upo au bado ni wa umma. Uwanja wa shule ya msingi mara nyingi ndio salama zaidi: una ukuta, vyoo, na mwalimu mkuu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Viwanja vya chama, chama chochote, viacheni. Kwenye mitaa iliyokwisha kuwa maghorofa tumieni ua wa katikati au sehemu ya kuegesha magari, na wakazi wa juu watatazamia kwenye varanda zao. Magomeni Kota ni mfano mzuri wa mazingira hayo. Kaya 644 zilibomolewa nyumba zao za zamani, na mwaka 2022 zikakabidhiwa maghorofa mapya palepale. Wana ua, wana majirani wa miaka mingi, na wana mengi ya kusema kuhusu tofauti ya kuishi chini na kuishi juu.

Kagueni mahali usiku, saa ileile ya onyesho. Mchana hamtaona taa ya barabarani inayomulika pale mlipotaka kuweka skrini, wala hamtasikia baa ya jirani. Angalieni maji yanaelekea wapi mvua ikinyesha. Angalieni njia za kurudi nyumbani: kichochoro chenye giza kati ya uwanja na kituo cha daladala kitawazuia wanawake kuja kuliko filamu mbaya. Wekeni taa huko, hata za kuchaji, na vijana wawili wanaojulikana kwa sura.

Miezi mitatu kabla: vibali

Sehemu hii haina raha, lakini mpangilio wake si mgumu kama watu wanavyosema. Barua ya kwanza inakwenda serikali ya mtaa, ikieleza nini, lini, wapi, watu wangapi na nani anawajibika. Muhuri wa mtaa unafungua mlango wa kata, na wa kata unafungua mlango wa halmashauri, ambayo itataka kujua kuhusu matumizi ya eneo, usafi na kelele. Polisi wapelekeeni taarifa kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Sheria inataka taarifa ya mkusanyiko isipungue saa 48 kabla, ila ninyi pelekeni wiki mbili kabla na mrudi kuulizia.

Filamu zenyewe zinapita Bodi ya Filamu Tanzania, iliyoundwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Filamu inayoonyeshwa hadharani inapaswa kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Msiwapelekee filamu ishirini wiki ya mwisho. Pelekeni orodha mapema, mkianza na zile ambazo watengenezaji wake tayari wana vyeti vya Bodi, ili muda wa ukaguzi utumike kwa zilizobaki. Masuala ya hakimiliki na muziki yako chini ya COSOTA. Mkipanga kupiga nyimbo za wasanii wakati watu wanaingia, waulizeni kuhusu leseni.

Jambo jipya ambalo wengi hawalikumbuki ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mkikusanya namba za simu za watazamaji au mkipiga picha za watoto, mnahitaji ridhaa, na kwa watoto ridhaa ya mzazi. Tangazo kubwa mlangoni kwamba picha zinapigwa, na sehemu moja ya kukaa ambako kamera haielekezwi, hupunguza malalamiko mengi.

Kuchagua filamu

Tangazo la kualika filamu liwe la nusu ukurasa. Semeni ni tamasha la nani, urefu mnaotaka, lugha, tarehe ya mwisho, na mnalipa kiasi gani. Ndiyo, lipeni. Hata kama ni kiasi kidogo, kiwe sawa kwa wote na kilipwe kwa tarehe iliyotajwa. Mtengenezaji wa filamu huru amezoea kuambiwa “utapata kujulikana,” na kujulikana hakulipi kodi ya chumba Sinza.

Filamu fupi ndizo rafiki wa uwanja wa wazi. Dakika 8 hadi 20 zinamruhusu mtu kuingia, kutoka, kununua kahawa na kashata, na kurudi bila kupotea. Filamu ndefu moja kwa usiku inatosha, na isizidi dakika 100. Changanyeni. Mkipanga filamu tano za huzuni mfululizo, usiku wa pili mtakuwa na viti vitupu. Kichekesho kiwe cha pili kwenye ratiba, si cha kwanza, kwa sababu watu wa mwanzo huwa bado hawajatulia kucheka pamoja.

Angalizo kuhusu Bongo Movie. Mtapenda kuonyesha filamu ya miaka ya 2000 ambayo mtaa mzima unaikumbuka, na ni wazo zuri, lakini miaka ile wazalishaji wengi waliuza haki zao moja kwa moja kwa wasambazaji wa Kariakoo. Ruhusa ya mwigizaji mkuu, au hata ya mwongozaji, inaweza isiwe ruhusa ya mwenye mali. Ombeni kuona mkataba. Na kuwa na nakala ya diski hakukupi haki ya kuionyesha uwanjani.

Makubaliano na kila mtengenezaji yaandikwe ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: jina la filamu, mara ngapi itaonyeshwa, wapi, tarehe gani, malipo kiasi gani na lini, nakala itafutwa au itahifadhiwa, na kama inaruhusiwa kusimuliwa juu yake.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Filamu ya lugha ya kigeni yenye maandishi chini ya picha haifanyi kazi uwanjani. Waliokaa nyuma hawayaoni, watoto hawayafikii kwa kasi, na wazee wengi hawakuja kusoma. Sisi tuna ufundi wetu wa kumaliza tatizo hilo, uliotoka Uganda ukakua hapa kwenye vibanda: msimulizi anayetafsiri na kuchombeza juu ya filamu. DJ Lufufu aliwafanya watu wa vibandani wajue sauti yake kuliko za waigizaji. Tafuteni msimulizi wa mtaani kwenu, mpeni filamu wiki tatu kabla, kaeni naye aitazame na mtafsiri wa maana, kisha afanye kwa maikrofoni moja kwa moja. Mtengenezaji lazima aridhie kwanza, maana msimulizi mzuri ataongeza utani ambao haukuwemo. Wengine watakataa, na ni haki yao. Kwa filamu za namna hiyo, mtu mmoja aeleze kisa kwa dakika mbili kabla haijaanza.

Filamu zenu wenyewe

Theluthi moja ya ratiba itoke mtaani. Hiki ndicho kinachojaza uwanja: mtu akisikia kwamba duka la Mangi na kona yake zimo kwenye filamu, atakuja na ukoo.

Wiki sita kabla, fanyeni warsha ya siku tano katika kibanda kilekile. Washiriki kumi na wawili, simu zao wenyewe, makundi manne. Siku ya kwanza hawashiki simu: wanasimuliana visa vya mtaa na kuchagua vinne. Siku ya pili ni picha, na somo kubwa ni moja tu, shika simu kwa ulalo na uache kutembeatembea nayo. Siku ya tatu ni sauti. Filamu nyingi za vijana huharibika kwa sauti, picha zikiwa nzuri kabisa. Maikrofoni ya waya ya kubana kwenye kola, hata ya bei ndogo, huokoa kazi. Siku ya nne wanapiga, ya tano wanahariri kwa programu za bure za simu. Filamu isizidi dakika sita. Muziki wa kupakua mtandaoni upigwe marufuku. Mtaa hauna upungufu wa mtu wa ngoma, kinanda au taarabu.

Sambamba na warsha, kusanyeni picha za zamani: za albamu, za studio zenye mandhari ya maua ya plastiki, kanda za VHS za harusi za miaka ya tisini. Zipigeni picha au zihamisheni kwenye kompyuta palepale nyumbani kwa mwenyewe, asiachane nazo hata saa moja. Onyesho la dakika kumi la picha hizo kwenye skrini kubwa, watu wakitajana majina, mara nyingi huwashinda wageni wote wa ratiba.

Vifaa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo usiku unapookolewa au kupotea.

Skrini yenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25 inawatosha watu 300. Si lazima kununua. Shoneni kitambaa cheupe kizito, merikani mbili zikiunganishwa kwa mshono wa ulalo usiopita katikati ya uso, tobo za chuma kila baada ya sentimita 30 pande zote. Kifungeni kwenye fremu ya mabomba ya jukwaa la ujenzi. Fundi yeyote wa maghorofa anazo na hukodisha. Kwa ajili ya kusi msikifunge kwa kamba ngumu. Kateni vipande vya tyubu ya baiskeli mfungie tobo kwa hivyo, ili kitambaa kivutike upepo ukija na kurudi mahali pake. Fremu ishikiliwe na kamba nne za pembeni na mifuko ya mchanga miguuni. Upepo ukizidi kiasi cha fremu kuanza kucheza, shusheni kitambaa bila mjadala. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.5 kutoka ardhini, la sivyo wa nyuma wataona vichwa tu.

Kwa ukubwa huo projekta ya lumeni 5,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wake) inatosha gizani. Ile ya ofisini ya lumeni 3,000 itafanya kazi kwa skrini ya mita 3, taa za jirani zikizimwa. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo kwa mita 4 itakaa mita 6 kutoka kwenye skrini, yaani katikati ya watu. Jengeni meza imara, izungushieni kamba, na mtu mmoja asiondoke hapo. Kompyuta ikae pembeni ya projekta. Kebo ndefu ya picha hupoteza mawimbi ikizidi mita kumi hivi, lakini kebo ya sauti yenye pini tatu inaweza kwenda mbali bila shida.

Spika mbili za inchi 12 au 15 zenye amplifaya ndani yake, kwenye stendi za mita 2, zikielekezwa kwa watu wa theluthi ya nyuma. Punguzeni besi. Besi ndiyo inayovuka ukuta na kumwamsha mgonjwa wa jirani, na maneno hayasikiki vizuri ikizidi.

Umeme pigeni hesabu. Projekta wati 400, kompyuta 70, spika 600, taa 100: jumla karibu wati 1,200. Jenereta ya kVA 3 itabeba bila kuhema. Iwekeni mita 30 au zaidi, nyuma ya ukuta, upande upepo unakoelekea. Waya wa kurefusha uwe wa milimita za mraba 2.5, na mkiutumia ukunjueni wote. Waya uliobaki umeviringwa kwenye gurudumu hupata moto. Hata kama mnatumia umeme wa TANESCO jenereta iwepo, na katikati muweke betri ya dharura kwa ajili ya projekta na kompyuta. Projekta ya taa ya kawaida ikikatika ghafla feni yake husimama, na taa yenye moto inaweza kufa hapo hapo.

Waombeni watengenezaji faili la MP4, ukubwa wa 1920 kwa 1080, sauti ya chaneli mbili. Kisha tazameni kila filamu mpaka mwisho kwenye kompyuta ileile itakayotumika. Mpaka mwisho, narudia. Faili huharibika dakika ya kumi na saba, si ya kwanza. Andikeni kiwango cha sauti cha kila filamu, ili moja isinong’one na inayofuata ikapiga kelele. Zimeni intaneti ya kompyuta, masasisho na arifa. Hakuna anayetaka ujumbe wa WhatsApp wa fundi upite usoni pa mhusika mkuu.

Fedha

Mchango wa mtaa uje kwanza, hata ukiwa mdogo, kwa kadi na lipa namba kama ilivyo kwenye harusi. Mtu aliyetoa elfu mbili atakuja na ataleta kiti chake. Michango ya vitu ihesabiwe kwa thamani: viti vya plastiki kutoka kwa mwenye maturubai, mikeka ya msikiti au kanisa, maji ya genge. Kisha ndipo muende kwa wafadhili, ambao hushawishika zaidi wakiona mtaa umeshatoa. Vituo vya utamaduni vya kigeni vya Upanga na nyumba za sanaa kama Nafasi kule Mikocheni mara nyingi hukopesha vifaa au watu kwa urahisi kuliko fedha taslimu, ombeni hivyo.

Bajeti ikipungua, kateni zawadi, fulana na mabango makubwa. Msikate malipo ya watengenezaji, jenereta, wala ulinzi. Mfadhili anayetaka hotuba kabla ya kila filamu mpeni dakika tatu usiku wa kwanza. Akitaka zaidi, mshukuruni na mwendelee bila yeye. Mgombea wa cheo chochote mkatalieni fedha.

Matangazo

Bajaji yenye spika siku tatu mfululizo, saa ambazo watu wanarudi kazini. Karatasi kwenye saluni, vinyozi na magenge. Sauti ya dakika moja ya yule msimulizi kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kina mama wa VICOBA, ya timu ya mpira. Vinatosha.

Skrini ya pili

Sasa lile swali la watu wa Jangwani wanaishi wapi. Mtaa uliokatwa vipande hauwezi kukusanywa kwa bango lililobandikwa pale ulipokuwa. Miezi mitatu kabla, wapeni watu wawili wa kamati kazi moja tu: kutengeneza orodha ya waliohama na walikokwenda. Njia za kuwapata zipo. Vikundi vya VICOBA mara nyingi havivunjiki watu wakihama, wazee wa msikiti na kanisa wanajua nani anarudi Ijumaa au Jumapili, na timu za mtaani zina wachezaji wa zamani waliotapakaa jiji zima.

Orodha ikionyesha kwamba wengi wako upande mmoja, tuseme Mabwepande, pelekeni usiku mmoja wa tamasha huko. Ni vifaa vilevile, kwenye Canter, pamoja na nusu ya kamati. Serikali ya mtaa wa huko ipewe barua yake na iwe mwenyeji, si mpokea wageni wa kuja kufundisha. Onyesheni filamu za warsha na zile picha za zamani, na mtenge saa nzima ya kurekodi watakachosema wakiziona. Wakiwa wametawanyika kotekote, fanyeni kinyume: kodini Coaster mbili, pangeni vituo vya kuwachukua, na muhimu zaidi wa kuwarudisha, siku ya Jumamosi.

Tarajieni maneno makali. Watu waliolipwa fidia wasiyoiona inatosha, au waliohamishwa mara mbili, wataitumia maikrofoni, na ni vizuri. Mwambieni mtendaji mapema kwamba kutakuwa na mazungumzo, si mkutano wa hadhara, na muweke mwongozaji asiyetetemeka.

Usiku wenyewe

Vifaa vifike saa 8 mchana, majaribio ya sauti saa 11, projekta iwashwe jua likizama. Mikeka ya watoto mbele, wazee kwenye viti vya kati, wanaosimama nyuma. Wamama lishe wapangwe upande wa kutokea, ili moshi na foleni visikate picha. Mshereheshaji awe wa maneno machache. Yule wa harusi anayependa sauti yake mwenyewe mwalikeni kama mtazamaji.

Mazungumzo baada ya filamu yasianze na “mmejifunza nini?” Swali hilo huua uwanja, kila mtu anarudi darasani. Muulizeni mtu mmoja mmoja: huyu kijana alifanya sawa kumwacha mama yake? Ungekuwa wewe ungeuza kile kiwanja? Maikrofoni iende kwanza kwa mwanamke na kwa mtoto, kwa sababu mwanaume wa kwanza akiipata hairudi haraka. Dakika kumi na tano, kisha filamu inayofuata.

Baada

Walipeni watengenezaji ndani ya wiki moja na muwatumie picha ya uwanja filamu yao ikiwa inaendelea. Hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa, hata mahali palipo na hasara. Safisheni uwanja usiku uleule, kabla mwalimu mkuu hajauona asubuhi.

Filamu za warsha, picha za zamani na mazungumzo yaliyorekodiwa viwekwe kwenye diski tatu zenye orodha ya majina, tarehe na ridhaa za wahusika. Moja ikae kwa katibu, moja shuleni, moja nje ya mtaa kabisa, kwa mtu wa ile orodha ya waliohama, na kila baada ya miezi sita zichomekwe kwenye kompyuta kuona kama bado zinafunguka.